Ukuta wa Sista Kolumba

Tangu nirudi, kila anayeingia karakana yangu hapa Mpanda, hata aliyekuja kuulizia kitanda, anaanza na swali lile lile: "Fundi, hivi huko kisiwani ilikuwaje?" Nimesimulia vipande vipande, kila mtu na kipande chake, na sasa vipande vimeanza kupishana. Mmoja kaambiwa nilikwenda kufukua mali ya Mjerumani. Mwingine kasikia nimeacha useremala nimekuwa bruda. Basi nimekaa nikaandika yote kwa mfululizo. Habari za vibali na barua nimeziruka. Zilikuwepo, zilichosha, inatosha.

Kwa wasionijua vizuri: naitwa Edmondi, nimezaliwa Katumba, wa familia zilizokuja kutoka Burundi. Mama yangu, Anastazia, bado anaishi kule kule. Alikuwa na dada mmoja, Sabina, aliyeondoka nyumbani akiwa msichana akaingia utawa kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kapalamsenga. Hakurudi kutusalimia hata mara moja. Alipofariki, miaka michache iliyopita, taarifa ilitufikia akiwa ameshazikwa.

Kisha likasomwa tangazo kanisani. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda hadi kwenye makaburi ya kisiwa. Masista wawili waliobaki wangehamishwa, na mabaki ya waliozikwa huko yangeletwa nchi kavu. Wenye ndugu zao wajitokeze.

Mama alinipigia simu jioni hiyo hiyo. "Baba na mama wako hapa Katumba," alisema. "Sabina tu ndiye yuko peke yake. Miye goti haliniruhusu. Nenda wewe, umlete nimweke pembeni ya mama."

Nilimjibu nitakwenda. Kusema kweli sikuwa na hamu. Yule mama mkubwa sikuwahi kumwona, na moyoni nilimhesabu kama mtu aliyetukimbia.

Mpanda hadi mtoni

Nilibeba begi la nguo na begi la zana. Watu wamenicheka kwa hilo begi la pili, lakini nilifikiri nikifika huko nikakuta sanduku la Sabina limegongwa ovyo, nitalirekebisha mwenyewe. Seremala hawezi kumpeleka ndugu yake nyumbani kwenye sanduku linalocheza.

Basi liliondoka Mpanda asubuhi, barabara ya kuelekea ziwani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mchana tukafika kwenye mto ambao kwa kawaida unavukwa bila mtu kuinua macho kwenye simu yake, tukakuta lori la mahindi limekwama katikati ya daraja, gurudumu moja limetoboa mbao. Dereva wetu alishuka, akatazama, akarudi akasema, "Nyie, tafuteni pa kukaa. Leo hatuvuki."

Abiria wengine walirudi nyuma kwa miguu hadi kijiji tulichokipita. Mimi nilikaa kwenye jiwe na begi langu la zana. Hapo ndipo aliponikuta mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuwa ananywesha ng'ombe chini ya daraja. Jina lake Masanja, mtu mrefu, kavaa koti la mvua la njano. Tulisalimiana, akaangalia begi langu, akauliza mimi ni fundi wa nini. Nilipomwambia, akasema, "Basi twende nyumbani. Utalala, na mlango wangu utautazama."

Mlango wake ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufungi. Niliutoa bawabani nikaupiga randa kwenye ukingo huku mke wake akisonga ugali. Tulikula kwa maziwa ya mgando, mazito kiasi cha kuchotwa kwa tonge. Masanja aliniuliza ninakokwenda. Nikamweleza: kumchukua mama mkubwa aliyezikwa kisiwani.

Alimega tonge kwanza. "Sisi tulipohama kutoka kwetu," alisema, "tuliacha makaburi ya babu. Baba alichukua udongo wa pale, akaufunga kwenye kitambaa. Mpaka leo uko ndani. Lakini mifupa yenyewe, hapana, hatukuigusa."

"Kwa nini?"

"Babu hakusema anataka kuhama." Akanisogezea bakuli. "Huyo mama yako alisema?"

Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni swali.

Siku ya kushukiwa

Kesho yake mchana lori lilikuwa limeondolewa na wanakijiji wamepanga magogo kwenye tundu la daraja. Tulivuka kwa miguu, basi likatufuata tupu, polepole. Nilifika Kapalamsenga jua likiwa bado juu. Mstari wa nyumba za mwisho, upande wa ziwa, ulikuwa ndani ya maji. Kuta zimesimama bila mabati, na bata wanaingia na kutoka kwenye kilichokuwa chumba cha mtu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza vibaya. Nilimkuta mama mmoja anaanika dagaa, nikamwambia, "Shikamoo. Natafuta boti ya kunipeleka kisiwani, kwenye nyumba ya zamani ya wazungu. Nataka kuona makaburi."

Aliangalia begi langu la zana. Tindo ilikuwa imetokeza mpini. "Marahaba. Subiri hapo," alisema, akaondoka haraka kuliko nilivyotegemea.

Aliporudi alikuwa na mwenyekiti wa kitongoji na wanaume wanne. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, anaongea kama anasoma. Akaniomba nifungue begi. Akatoa patasi, akatoa randa, akatoa tindo, akavipanga mchangani.

"Mwaka jana walikuja wawili," akasema. "Walisema wanatafiti ndege. Tukawakuta wamechimba chini ya altare, wanatafuta rupia za Mjerumani. Wewe unatafuta nini?"

"Mama yangu mkubwa."

"Anaitwa nani?"

"Sabina."

Akatoa karatasi mfukoni, ile ile iliyosomwa makanisani, akapitisha kidole kwenye orodha ya marehemu kumi na mmoja. "Hapa hakuna Sabina."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Watawa huacha majina ya nyumbani wakivishwa shela, na sisi nyumbani hatukuwahi kumwita kwa jina lingine. Barua ya kifo chake alikuwa nayo mama. Nilimpigia, simu ikaita bila kupokelewa, maana siku ya soko mama huiacha nyumbani. Kwa hiyo nilikaa kwenye ofisi ya kitongoji mpaka jioni, nikiwa mtuhumiwa wa kwanza katika ukoo wetu. Hawakunitesa kwa lolote. Waliniletea mgebuka, samaki wa ziwani, wa kuchoma, na ugali wa muhogo, tukala pamoja, mwenyekiti na mimi, zana zangu zikiwa zimepangwa katikati yetu kama ushahidi.

Aliyeniokoa ni mwenye boti anayewapelekea masista mahitaji yao, mwanamume wa makamo anaitwa Kasongo. Alikuja kwa shughuli zake, akasikia jina Sabina, akanitazama usoni muda mrefu.

"Wa Katumba?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Huyo ni Sista Kolumba," akamwambia mwenyekiti. "Alikuwa akinitibu mimi na wadogo zangu. Mtazame huyu paji la uso. Ni lake."

Mwenyekiti alizirudisha zana begini moja moja, akazifuta mchanga kwanza. Akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna kosa, na kweli sikuona kosa. Nilikuwa nawaza lile paji la uso.

Majini

Tuliondoka asubuhi na mapema, ziwa limetulia. Mtumbwi wa mbao wenye injini, mimi, Kasongo, gunia la unga na dumu la mafuta ya taa. Kisiwa kilionekana kama kipande cha mwamba kilichopandwa michikichi. Kasongo alisema ukitembea kwa haraka unakizunguka kabla chai haijapoa.

Nilimuuliza wavuvi wanakiitaje. "Kwa Masista," alisema. "Wazee walikiita Kwa Wamonaki. Sasa tutakiita nini, sijui."

Tulipokaribia akanionyesha majini, karibu na ufuko. Chini niliona ngazi za mawe zinashuka, safi, zimechongwa vizuri, samaki wadogo wanapita juu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa gati. Tulifunga mtumbwi kwenye dirisha la ghala.

Nyumba tatu juu ya mwamba mmoja

Masista wawili walitupokea mlangoni. Mkubwa ni Mama Priori, mkuu wao, Sista Romana, Mfipa wa karibu miaka themanini, mfupi, fimbo mkononi. Mdogo, Sista Imelda, ana miaka sitini na anaitwa "binti" na mwenzake. Nilisema mimi ni mtoto wa mdogo wake Sabina. Mama Priori akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kama anayepima homa, akasema, "Umechelewa, lakini umefika. Kula kwanza."

Tulikula maharage ya mawese na mihogo. Baadaye akanizungusha na kunieleza, na nitayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu sidhani kuna aliyeyaandika mahali pengine.

Wa kwanza walikuwa wamonaki, watawa wa kiume kutoka Ulaya. Walitaka mahali ambapo hakuna mtu, wasali kwa saa zao saba za siku na kulima. Walichonga mawe ya kisiwa chenyewe, wakajenga kanisa na ukuta mrefu. Ukuta ulikuwa wa kutenga eneo lao na dunia, Mama Priori alisema, ingawa dunia yenyewe ilikuwa maji tu. Kisha homa ya malale iliingia mwambao. Serikali ya wakati huo ikawahamisha watu wote wa kando ya ziwa. Wamonaki waliambiwa waondoke, wakakataa, kwa sababu mtawa wa namna yao huweka nadhiri ya kubaki kwenye nyumba aliyoingilia mpaka kufa. Wengi wao walikufa. Makaburi yao manne yapo. Waliosalia walichukuliwa na boti kwa amri, mmoja wao akiwa amebebwa.

Nyumba ilikaa tupu miaka mingi. Wavuvi walianika dagaa kanisani. "Tulipofika sisi," Mama Priori alisema, "tuliosha sakafu wiki nzima, na bado siku za joto harufu ilirudi wakati wa Misa."

Nyumba ya pili ndiyo priori yao, yaani nyumba ndogo ya kitawa yenye mkuu wake. Walikuja masista saba, wengi kutoka Ufipa. Walifungua zahanati kwa ajili ya wavuvi. Baadaye ikaja nyumba ya tatu. Mabruda wachache walijenga upande wa kaskazini, wakafuga nyuki, wakakaa miaka kumi hivi. Wakaondoka, kwa maelezo ya Mama Priori, kwa sababu ya kengele.

"Kengele?"

"Wao walipiga yao, sisi tunapiga yetu. Kisiwa kidogo. Kila mmoja alidhani mwenzake anakosea saa." Alitabasamu. "Tungeweza kukubaliana. Hatukukubaliana. Sasa wao hawapo, na sisi tunaondoka."

Tuliporudi mezani nikamwambia nilichokuja kutafuta. Nimetumwa nimchukue Sabina, apelekwe Katumba kwa wazazi wake.

Mama Priori alisimama. "Kolumba aliweka nadhiri ya kubaki na nyumba hii," alisema. "Nyumba inahama. Yeye atahama na nyumba."

"Umri wako nauheshimu, Mama," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "lakini nyumba hii ilimchukua akiwa hai. Hakuja kumzika mama yake. Hakuja harusini, hakuja msibani. Sasa mnataka na mifupa?"

Sista Imelda aliinua vyombo akaingia ndani. Mama Priori alibaki ananitazama, hakuonekana kukasirika.

"Nyumbani hamjui kwa nini alikuja hapa," alisema. Hakuwa ananiuliza. "Njoo."

Nje ya ukuta

Makaburi yako upande wa mashariki, ndani ya ukuta wa wamonaki. Misalaba kumi na mmoja, minne ya mawe na saba ya mbao. Maji yalikuwa hatua chache tu kutoka safu ya mwisho. Msalaba wa Sista Kolumba ulikuwa pembeni kabisa, mbali na wenzake, karibu na ukuta. Lakini pale, ukuta haukuwepo. Palikuwa na pengo pana kama mlango wa ghala, mawe yametolewa mpaka chini. Upande wa pili wa pengo, mkono mmoja kutoka kaburi la Sabina, kulikuwa na mawe madogo meupe yamepangwa kwa duara, urefu wa mkono wangu.

Mama Priori alikaa juu ya jiwe, akanisimulia. Mwaka ambao watu walikimbia kutoka Burundi, boti moja ya wakimbizi iliyokuwa inaelekea kusini ilikumbwa na mawimbi, ikaomba hifadhi kisiwani. Alikuwemo mama mmoja mgonjwa wa homa, hajitambui, amejifungua siku chache kabla. Mume wake alikuwepo, na mabinti wawili. Mkubwa wa miaka kumi na tatu alikuwa amembeba kichanga. Walipomshusha, kichanga kilikuwa kimeshakufa, na binti hakutaka kukiachia.

"Miye ndiye niliyekitoa mikononi mwake," Mama Priori alisema. "Nilikuwa kijana, sina mwaka tangu niweke nadhiri. Mkuu wetu wa wakati ule alisema mtoto hajabatizwa, azikwe nje ya ukuta. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Nilichimba mwenyewe, mdogo tumemwacha ndani na mama yake, na yule binti mkubwa ameshika taa pembeni yangu mchana, sijui kwa nini alishika taa. Alfajiri boti ikaondoka."

Yule baba, ambaye ni babu yangu, aliwaambia mabinti njiani, kama Kolumba alivyokuja kumsimulia Mama Priori: mtoto tumemwacha ziwani, na asiulizwe tena, mama yenu hataweza kulibeba. Na hakuulizwa.

"Miaka saba baadaye," Mama Priori aliendelea, "binti mmoja alishuka kwenye boti, akasema anataka utawa. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Hakutafuta utawa kwanza, nitakwambia ukweli. Alitafuta kaburi. Utawa ulikuja taratibu, baada ya miaka, na ukaja wa kweli."

"Na kutembelea nyumbani?"

"Alipewa ruhusa mara nyingi. Alisema atakwenda siku atakayoweza kumwambia mama yake mtoto alipo. Mara moja alifika mpaka Mpanda. Alilala kwa wageni siku mbili, akarudi. Kisha mama yake akafa, na hapo akasema haina maana tena."

Nilimuuliza nani alitoa mawe ya ukuta. Nilikuwa nimeshajua.

"Jiwe moja moja. Akitoka kumwagilia bustani anaondoka na jiwe. Alijenga nayo matuta ya mboga. Nilipokuwa mkuu nilimwona kwa dirisha, na ningeweza kumkataza, ukuta ni wa nyumba, si wake. Sikumkataza. Lakini pia sikwenda kumsaidia." Aligusa udongo kwa ncha ya fimbo. "Hilo ndilo ninaloungama."

Nilipanda kwenye mwamba mrefu, mahali pekee penye mtandao, nikampigia mama. Nilimweleza yote, polepole, mara mbili. 

"Kumbe walimzika," mama alisema hatimaye.

"Walimzika, mama. Sabina alikuwepo."

"Miye nilikuwa na miaka sita. Baba alisema tumemwacha ziwani." Nilisikia kuku nyuma yake. "Mwana wanje, mwanangu, usimlete Sabina. Nakuja mimi huko."

"Na goti?"

"Nimesema nakuja."

Kiti cha Kolumba

Kesho yake boti kubwa ilifika na padre anayesimamia uhamisho, bwana afya wa wilaya, wachimbaji sita na masanduku kumi na moja ya mninga, yamekatwa vizuri. Nilimweleza padre kuhusu kaburi dogo. Alisikiliza kwa adabu, kijana msafi mwenye kazi nyingi. Alisema anasikitika, lakini orodha ina watawa kumi na mmoja, kibali kina kumi na mmoja, na masanduku ni kumi na moja tu.

"Sanduku nitatengeneza mimi," nilisema.

"Fundi, si suala la sanduku."

Mama Priori alikuwa amekaa kwenye ubaraza, kifurushi chake kimoja miguuni, tayari kwa safari. "Padre," alisema, "mtoto huyo asipopanda boti, miye sipandi."

"Mama Priori, amri ya kuhama imetoka kwa askofu."

"Naijua. Wamonaki nao walipewa amri. Mmoja alibebwa." Alikunja mikono. "Mtanibeba."

Padre alimtazama bwana afya. Bwana afya, ambaye muda wote alikuwa anapeperusha inzi kwa jalada, alifungua jalada hilo na kutoa kalamu. "Kichanga kilichozikwa pembeni ya ndugu yake," alisema huku anaandika, "kwangu ni sehemu ya kaburi hilo. Sihitaji kibali kingine." Padre akavua kofia na kuuliza kaburi liko wapi, alitazame.

Mbao hazikuwepo. Nilizunguka nyumba yote nikakuta za mvule zilizooza. Mama Priori akanipeleka kanisani, kwenye viti vya sala, vile vya kukaa wakielekeana, ambavyo walivikuta vya wamonaki. Akaweka mkono juu ya kimoja. "Cha Kolumba. Fungua hiki."

Nimefanya useremala miaka kumi na minane. Kile kiti hakikuwa na msumari hata mmoja. Kila ubao uliingia kwenye mwenzake kwa ulimi na tundu, na kigingi kidogo cha mti mgumu kikipita katikati, kimekaza baada ya miaka yote ile, na harufu ya dagaa, na unyevu. Nilipotoa kigingi cha kwanza nilijisikia kama ninavua kofia mbele ya mtu. Sijui jina la mmonaki aliyekitengeneza. Huenda ni mmoja wa wale wanne wa makaburi ya mawe. Niliipokea kazi yake nikaiendeleza hapo alipoishia. Nilitumia viungo vile vile, bila msumari, kwa patasi ile iliyokamatwa Kapalamsenga. Kabla ya jua kuzama sanduku lilikuwa tayari, dogo kama la kuwekea zana.

Tulipofungua duara la mawe meupe, kulikuwa na udongo mweusi kidogo kuliko mwingine, na kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Hakuna zaidi. Sista Imelda aliuchota udongo huo kwa mikono. Mama Priori alipiga magoti pembeni, akiwa nje ya ukuta, na hakunyanyuka mpaka nilipofunga kifuniko.

Nchi kavu

Mama alifika Kapalamsenga kwa gari la padre wa parokia yetu, begi moja na mkeka. Alikuwa hajaliona ziwa tangu alipokuwa na miaka sita. Alishuka, akalitazama, akageuka akaniuliza bafu liko wapi. Nilimwelewa, nikamwonyesha.

Maziko yalikuwa kwenye kilima nyuma ya kanisa, mbali na maji. Wavuvi walikuja wengi, mwenyekiti wa kitongoji akiwa mbele, na Kasongo na wadogo zake. Makaburi yalichimbwa kumi na moja. La Sabina lilichimbwa pana zaidi. Sanduku kubwa lilishuka kwanza, kisha nikashuka mimi nikaweka dogo juu ya kifua cha kubwa, upande wa mkono wa kushoto.

Padre aliuliza jina la mtoto, la kuandika msalabani. Watu wote walimgeukia mama.

"Hakuwa na jina," mama alisema. "Siku zake za kupewa jina hazikufika. Tulimwita Akana tu, mtoto."

"Unataka tuandike hivyo?"

"Andika hivyo. Ndivyo alivyokuwa akiitikia."

Baada ya maziko, Mama Priori na mama walikaa kwenye mkeka mmoja. Mama Priori alianza kuomba msamaha, kwa maneno aliyoyapanga, nadhani, kwa muda mrefu. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Sabina alimshika mpaka lini?"

"Mpaka nilipomaliza kuchimba."

"Na taa?"

"Na taa. Mkono mwingine."

Mama alitikisa kichwa. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alimshika yule bibi mkono akaukalisha gotini kwake, lile goti bovu.

Akina mama wa kijiji walileta chakula, wali na migebuka ya kukaanga. Nikamsogezea mama sahani ya maharage, kama ilivyo nyumbani, maana nyumbani kwetu Katumba samaki wa ziwa hawajawahi kupikwa. Tulikua tukijua mama hapendi harufu. Soko likijaa dagaa, yeye anapita upande mwingine. Hata mimi nilipoanza maisha yangu sikuwahi kumkaribisha samaki mezani kwangu.

Mama alisukuma sahani ya maharage pembeni. Akavuta ya samaki. Akachambua mwiba polepole, kama mtu anayejifunza, akala. Wala hakula kidogo. Alimaliza mgebuka mzima, akachukua na wa pili, huku machozi yanamtoka na anayafuta kwa mgongo wa mkono ili asikatishe kula.

"Miaka yote hiyo," aliniambia, kwa sauti ambayo niliisikia mimi na Mama Priori tu, "nilidhani walimtupa majini. Ningewezaje kumla samaki?"

Akaomba aongezewe wali.